Mkrismasi Ulioegemea Chumba cha Mama

Uyoga ndio niliouona kwanza. Ulikuwa umeota kwenye shina karibu na ardhi, upande unaotazama nyumba: mgumu, wa rangi ya kahawia, umepangana kama visahani vilivyopachikwa na mtu mwenye haraka. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari niliyofundisha biolojia, nami nilikuwa nimekaa uani kwenye kigoda nikichambua mchele, kazi ambayo mama yangu aliamini kwamba shahada ya chuo kikuu haimwondolei binti. Nikainuka, nikausukuma kwa kidole cha mguu. Ukavunjika, na gome lililokuwa nyuma yake likaachia unga mkavu mwekundu.

"Mama," nikasema, "mti huu unaoza."

"Kila kitu kinaoza," akanijibu kutoka jikoni. "Mchele umekwisha?"

Ulikuwa mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ambao ifikapo Desemba huwasimamisha barabarani hata watu wenye haraka zao. Baba aliupanda miaka ya mwanzo ya Uhuru, tulipohamia Ibadakuli, kutoka kwenye mche aliouomba katika ua wa ofisi moja mjini. Aliuchagulia mahali kwa busara ya mtu anayelijua jua la Shinyanga: upande wa magharibi, mbele ya dirisha la chumba chao, ili alasiri ukuta usipate moto. Katika hilo hakukosea. Mti wenyewe ndio haukuridhika kuwa kivuli. Ulitoa mizizi minene iliyotambaa juu ya ardhi kama chatu, ukainua sakafu ya baraza, na kadiri ulivyokua ukaanza kuinamia nyumba, kama mgeni anayetega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu.

Baba alifariki mti ukiwa umeshalipita paa. Siku ya maziko yake, rafiki yake mkubwa, Mzaramo aliyefanya naye kazi stesheni ya reli tangu ujana wao, alilala chali njiani mbele ya jeneza, akakataa kuwapisha watu mpaka apewe chake. Asiyeujua utani angedhani ni kichaa. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani, na mtani msibani ana ruhusa ya kumdhihaki marehemu, kupora mali yake na kusema lisilosemeka, wala mfiwa hana haki ya kukasirika. Wazee wakamwuliza anataka nini. Akaangaza macho uani, akasema hajaona bado kitu cha maana katika mji wa Msukuma huyu. Atakuja kukichukua siku atakapokiona. Watu wakacheka huku wakilia, kisha neno lile likasahauliwa. Mimi pia nililisahau.

Baada ya uyoga niliona mengine, kwa kuwa jicho likishafundishwa kuona haliambiwi likome. Upande wa pili wa shina, ule unaotazama barabara, ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu uliopinda, na mvua iliponyesha ufa ule ulimeza maji badala ya kujaa. Matawi ya juu yalikuwa yamekauka ncha. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka mzizini hadi kwenye panda, pana na nyofu kama barabara ya kwenda mahali panapojulikana. Nilipogonga shina kwa mchi, upande wa barabara ulitoa mlio wa mti, na upande wa nyumba ulitoa mlio wa ngoma. Yote haya niliwafundisha wanafunzi wangu darasani, nao waliyaandika bila ubishi. Nyumbani hayakuwa na soko.

Ili kupata ushahidi ambao hata mama asingeweza kuukataa, nilifunga jiwe kwenye kamba, nikaining'iniza kutoka kwenye panda ya mti, na mahali jiwe lilipoelekea nikapigilia kigingi. Nilitaka kupima kila likizo kama mti unazidi kuinama. Likizo iliyofuata nilikuta kamba imevuliwa jiwe, imevutwa kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya jiko, na juu yake zimeanikwa kanga.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Linakandamiza kifuniko cha mtungi."

"Na kigingi?"

"Mbuzi amefungwa hapo. Ulikipigilia vizuri, mwanangu."

Mwaka ule mti ulichanua kuliko wakati mwingine wowote niliokumbuka. Haukubakiza hata nafasi ya jani; ulikuwa moto mtupu, na chini yake ua mzima ulikuwa mwekundu. Majirani walikuja kuutazama. Mama alisimama kati yao akiwa ameshika kiuno, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwalimu, huu ndio mti unaokufa?" Aliniita Mwalimu pale tu alipotaka nionekane mjinga. Nikaeleza kwamba mti ukijiona unakwisha huweza kutoa maua yote uliyo nayo, kwa sababu hauna tena la kuwekea akiba. Majirani wakanitazama kwa huruma. Mmoja akamwambia mama, kwa Kisukuma na kwa upole, kwamba kusoma sana nako kunachosha kichwa.

Ningeweza kuyavumilia haya yote kama mama asingekuwa analala pale. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha lile la magharibi, na tawi kubwa kuliko yote lilipita juu ya bati hasa mahali alipolaza kichwa. Upande wa mashariki kulikuwa na chumba kingine, kipana, chenye dirisha zuri, ambamo aliweka magunia ya mtama na karanga na baiskeli ya marehemu. Kila nilipokuja nilimwomba ahamie huko. Kila nilipoomba nilipewa jibu lile lile.

"Chumba kile ni cha magunia. Mimi si gunia."

Kisha ikaja mvua ya upepo, alasiri moja, nikiwepo. Tawi moja, si lile kubwa, lilikatika kwa mlio mkavu likaangukia banda la kuku na kulilaza chini. Kuku walitoka wazima, wakipiga kelele kama abiria waliopunjwa chenji. Nililikagua tawi pale lilipokatikia: ndani lilikuwa jeusi, limeoza, linabonyea kama ugali wa jana. Nikalibeba pande lile hadi barazani, nikaliweka mbele ya mama. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha kwangu.

"Limejipunguza lenyewe," akasema. "Mti una akili kuliko sisi."

Nikamwambia kwamba sitarudi shuleni mpaka mti ule ukatwe, na kwamba kesho nitatafuta watu wenye msumeno. Hapo ndipo alipoacha mzaha. Akaketi, akanivuta mkono nami nikaketi.

"Ukiukata, ndugu yako atatokaje?"

Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuwa mchimbaji wa dhahabu katika machimbo ya Geita. Siku aliyoondoka kwenda huko kwa mara ya kwanza, mama alikoroga unga wa mtama katika maji, akaumwaga kwenye shina la mkrismasi, akamkabidhi mwanawe kwa baba yake. Kaburi la baba lilikuwa mbali, kwenye mji wa ukoo. Mti ndio uliokuwa karibu, nao baba aliupanda kwa mikono yake mwenyewe. Jumapili mama alikwenda kanisani kama kawaida, wala hakuona mgongano wowote, nami sikuthubutu kumwonyesha. Sasa nililiona lililokuwa kichwani mwake siku zote nilipokuwa nikimhubiria habari za uyoga. Kwake yeye, mti ule ndio uliokuwa umeshikilia dari la shimo ambamo mwanawe aliingia kila asubuhi.

Kwa hesabu ya elimu yangu, hoja hiyo haikuwa na pa kusimama. Kwa hesabu ya mama, mimi nilikuwa namwomba achague kati ya kichwa chake na kichwa cha mwanawe, na nikashangaa kwa nini anachelewa kujibu.

Nikaamua kwenda kwa kaka mwenyewe. Yeye ndiye mrithi. Akitamka neno, mama atatulia. Nilipanda basi hadi Mwanza, nikavuka ziwa kwa kivuko, nikamalizia kwa lori lililobeba matenga ya dagaa, na kufika machimboni nikinuka ipasavyo. Nilimkuta kwenye mdomo wa duara lake, kama wachimbaji wanavyoliita shimo, amejaa vumbi jeupe hadi kope. Alikuwa akikagua matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo zisibomoke. Aliinua gogo moja moja, akaligonga kwa nyundo, akatega sikio. Moja lilipotoa mlio wa uwazi alilitupa pembeni.

"Hilo lina nini?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Limeliwa ndani. Ukiliweka hili, unazikwa nalo."

"Mkrismasi wa nyumbani unalia hivyo hivyo, kaka. Niliugonga kwa mchi."

Akaliegemeza gogo jingine, akaligonga, akaridhika nalo. "Hili ni timba, mdogo wangu," akasema. "Ule ni mzee."

"Ule ni mti, na mama analala chini yake."

"Mimi nalala chini ya nini?" Akaonyesha shimo kwa kidevu. Wenzake wawili waliokuwa wakivuta ndoo kwa kamba wakacheka. "Sikiliza. Sijasema usikatwe. Subiri nitoke tu."

"Utatoka lini?"

"Nikipata."

"Na usipopata?"

"Basi mti upo," akajibu, akaanza kushuka.

Nilisimama pale nikitazama utosi wake ukizama. Mtu aliyeyakabidhi maisha yake kwa sikio lake na nyundo, ambaye hangekubali gogo bovu hata kwa kubembelezwa, alikuwa ameacha gogo bovu kuliko yote likining'inia juu ya mama yake, na hakuona kinyume chochote katika mambo hayo mawili. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijakutana na ujinga wa aina ile. Nimekutana na ule wa kutojua, ambao una dawa. Wa kaka ulikuwa wa kujua kila kitu isipokuwa kimoja, na kile kimoja amekikataza kisijulikane.

Nilirudi Ibadakuli nikiwa na hasira za safari nzima. Mama alifurahi kusikia kwamba mwanawe ni mzima, akafurahi zaidi kusikia kwamba amekataa. Jumamosi ikafika, na kwa desturi yake Mzaramo wa baba akaja kukaa kivulini, kunywa chai yetu na kututukana. Alikuwa ameshastaafu reli, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na sauti iliyomzidi mwili. Mama alipoingia ndani nilimweleza yote, si kwa kutaka msaada, bali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyasema mwenyewe na ukuta. Alisikiliza akipuliza chai. Nilipomaliza akaweka kikombe chini.

"Wasukuma," akasema, "hata mti wenu unaanguka polepole."

Akaaga. Nikaona nimepoteza pumzi zangu bure.

Alirudi Jumatatu asubuhi, na nyuma yake walikuwa vijana wanne wa reli wenye shoka, kamba nene za kufungia mizigo na msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya ua akaamkia kwa Kisukuma chake kibovu: "Mwangaluka, ninyi wafuga nzi. Nimefuata changu."

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Chako kipi, mla nazi? Umesahau meno yako hapa?"

"Siku ya maziko niliwaambia nitachukua nikikiona. Nimekiona." Akaupiga mti kofi. "Nachukua huu."

"Huo ni wa mume wangu."

"Kwani nilikuja kumtania nani? Jirani yake? Babu zenu walifika kwetu pwani wamebeba pembe vichwani, vumbi tupu, ndimi nje kama mbwa. Nani aliwapa maji? Leo wajukuu wananinyima kuni."

"Maji ya chumvi mliwapa," mama akasema. "Ndiyo maana hatujapona mpaka leo."

Vijana wakacheka. Majirani walikuwa wameanza kusogea uzioni. Nilimtazama mama, nikaona kitu kinafanyika usoni mwake ambacho nilikuwa nimekitafuta kwa hoja tangu siku ya uyoga. Alishusha mwiko.

"Unachukua mwenyewe?" akauliza, na sasa sauti yake haikuwa ya utani.

"Nachukua mwenyewe."

"Kuna aliyekuita?"

"Mwizi huitwa?"

Mama akawageukia majirani. "Mmesikia. Hakuna aliyemwita. Hatukuukata sisi. Tumeporwa." Kisha akautazama mti, juu hadi chini, akasema kwa Kisukuma maneno machache, si kwetu sisi, na nikasikia mle jina la kaka yangu na neno mtani. Nilifahamu kwamba alikuwa akimweleza baba ni nani wa kuulizwa. Mtani haulizwi. Ndio uzuri wake: balaa likimfuata, halina pa kumshika, kwa sababu marehemu mwenyewe alimpa ruhusa tangu enzi za uhai wake, kwa kila tusi walilotukanana stesheni.

Kijana mmoja alipanda na kamba, akaanza kuizungusha kwenye tawi lililokuwa karibu naye.

"Usifunge hapo," mama akamwambia. "Hilo limekufa ndani, litakuja na wewe. Funga lile la juu, la upande wa barabara. Na muanze na hili kubwa linalolalia bati, mlishushe kidogo kidogo."

Nikamkaribia. "Ulijua kwamba limeoza?"

"Mimi ndiye nilalaye chini yake," akasema bila kunitazama. "Linalia usiku. Tangu kabla ya uyoga wako."

Nilikuwa nimechukulia kwamba haoni, nikapoteza likizo baada ya likizo nikimwonyesha. Alikuwa ameona, na kila jioni alijilaza pale kwa hiari yake, akishikilia upande wake wa dari.

Kazi iliwachukua mpaka alasiri. Matawi yalishushwa kwa kamba, moja baada ya jingine, na katika miaka ile ambayo mabati hayakupatikana ila kwa kibali, na kibali ila kwa kujuana, hakuna bati lililotobolewa. Shina walilivutia upande wa barabara. Lilianguka kabla msumeno haujafika katikati, kwa uchovu zaidi kuliko kwa kukatwa, na vumbi lilipotulia tukaona ndani yake: duara la mti mzima jembamba kama ukingo wa sinia, na katikati udongo wa mchwa, mweusi, wenye unyevu. Majirani wakaguna. Mmoja wao, yule yule wa kichwa kuchoka, akasema kwamba alijua siku zote.

Mzaramo akalazimika kuchukua kuni zake, maana mtani aliyepora hawezi kuacha alichokipora. Zilikuwa kuni mbaya, za moshi mwingi na moto haba, na kwa miezi mingi alilalamika kila Jumamosi kwamba Wasukuma wamemwibia. Kaka alikuja karibu na Krismasi, amekonda, mikono mitupu, mzima. Alisimama mbele ya kisiki.

"Nani kakata?"

"Mzaramo," mama akasema.

"Ah," akasema, akaomba chakula. Jambo lililonipeleka Geita na kunirudisha likaishia hapo.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hayo tulipata amani. Lakini baba hakuupanda mti ule kwa ajili ya maua, na jua la Shinyanga, lililokuwa limezuiwa kwa miaka yote hiyo, lilirudi kudai ukuta wake. Kila alasiri chumba cha mama kiligeuka tanuri. Alilalamika asubuhi, akalalamika jioni. Aliniuliza mbele ya wageni kama huko chuo kikuu hatukufundishwa kwamba kivuli kina faida. Nikamkumbusha kwamba si mimi niliyeukata. Akasema anajua, tumeporwa, lakini mwenye mdomo wa kuwaambia wezi mahali kitu kilipo naye pia anajulikana.

Likizo ile ya Krismasi, kabla sijarudi shuleni, niliamka asubuhi moja nikasikia vitu vikiburutwa. Nilimkuta mama ukumbini, kanga kiunoni, anavuta gunia la mtama kutoka chumba cha mashariki. Kitanda chake kilikuwa tayari ndani yake, kimetandikwa, chini ya lile dirisha zuri.

Nilisimama mlangoni. Nilifikiria kamba na jiwe, banda la kuku, matenga ya dagaa, msumeno wa watu wawili. Nikamwuliza, kwa utulivu wote nilioweza kuukusanya, kama hakumbuki nani alisema kile ni chumba cha magunia.

"Nakumbuka," akasema, akinisogezea pembe ya gunia niishike. "Na magunia yanahamia kule. Gunia halisikii joto."